Barua ya wazi kwa Mkaguzi Mkuu wa Zimamoto: kagua gesi inayotoka bila kuwaka

Ndugu Mkaguzi Mkuu,

YAH: VIBALI VYA SANAMU ZA SAUTI ZA MOTO KATIKA KUMBI ZA CHINI YA ARDHI

Sisi ni mafundi tunaounda na kufunga sanamu hizi: mabomba ya chuma yaliyosimama wima, kichomeo kidogo cha gesi ndani ya kila bomba, na vitufe ambavyo mgeni akibonyeza, bomba linaimba. Ni sanaa ya zamani. Mvumbuzi Mfaransa Kastner alitengeneza kinanda cha moto katika miaka ya 1870. Tunakuandikia kwa sababu fomu ya kibali inauliza urefu wa mwali na idadi ya vizimamoto, basi. Chini ya ardhi, hatari kubwa zaidi ni gesi inayotoka bila kuwaka.

Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu. Ikivuja, hulala sakafuni na kujaa kwenye mifereji na shimo la lifti. Ikifika asilimia 2.1 tu ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Kilo 1 ni kama nusu mita ya ujazo ya gesi, nayo ikichanganyika hadi kiwango hicho hujaza chumba cha mita 25 za ujazo. Kwa hiyo mtungi usishuke ngazi kabisa. Ukae nje penye hewa, na regileta yake hapohapo. Kinachoshuka kiwe bomba la chuma au shaba, likiwa na vali mbili za umeme zinazofuatana, za aina inayojifunga umeme ukikatika.

Sasa kuimba kwenyewe. Bomba hulia kwa sababu joto la mwali na mtetemo wa hewa hupeana nguvu. Sauti ikizidi, mtetemo huohuo unaweza kuuzima mwali, huku kidole cha mgeni kikiwa bado kwenye kitufe na gesi ikitoka. Wengi huweka themokapo, yaani kihisi cha joto kinachofunga gesi kikipoa. Hapa haifai: hupoa polepole, na inaweza kupita nusu dakika kabla haijafunga gesi. Kihisi cha ayoni, kinachopima umeme mdogo unaopita ndani ya mwali, hugundua mwali uliozimika ndani ya sekunde moja hivi. Kila bomba liwe na chake. Kihisi kimoja kwa mabomba manane hakiwezi kujua ni lipi limezimika.

Hesabu ya hewa ifanywe kana kwamba vitufe vyote vimebonyezwa, maana wageni watavibonyeza vyote. Vichomeo 8 vya kilowati 3 kila kimoja hula karibu kilo 1.9 za propani kwa saa na kutoa mita 3 hivi za ujazo za kabonidioksidi. Ili isiongezeke kupita asilimia 0.25, inahitajika hewa safi ya mita 1,200 za ujazo kwa saa, mbali na ile ya watu kupumua. Vali zifunguke tu pale swichi ya mkondo wa hewa, iliyo ndani ya njia ya hewa yenyewe, inapohisi upepo. Taa ya mota isitegemewe: mkanda wa feni ukikatika, mota huendelea kuzunguka na taa kuwaka, lakini hewa haisogei.

Ving'amuzi vya propani visizidi sentimita 30 kutoka sakafuni. Vya kaboni monoksidi viwe kimo cha pua. Kengele ya moto ikilia ifunge gesi pia, la sivyo mabomba yataifunika sauti yake. Na ving'amuzi vya moshi, ambavyo kumbi huvizima ili visisumbue maonyesho kisha zikasahau kuviwasha, vibadilishwe na vya joto eneo hilo, pamoja na mlinzi wa moto asiye na kazi nyingine.

Sponji ya kuzuia mwangwi ikiwa wazi darini au ukutani, kibali kisitoke. Hapo hatuna la kujadili. Watu 100 walikufa katika klabu ya The Station, Marekani, mwaka 2003, na 242 katika klabu ya Kiss, Brazili, mwaka 2013. Kote kuwili fataki za jukwaani ziliwasha sponji.

Tunaomba uje na wakaguzi wako kabla ya kutia saini. Fungeni kwa mkono gesi ya bomba moja, mwali uzimike, kisha mpime vali ya umeme inachukua muda gani kujifunga. Vueni mkanda wa feni. Pulizieni ving'amuzi gesi ya majaribio. Kateni umeme. Kimoja kikishindwa, onyesho lisifunguliwe, hata kama tiketi zimeshauzwa na sanamu ni yetu.

Wenu,
Mafundi wa sanamu za sauti za moto