Kikao cha Alhamisi: kalenda ya Kerala

Assalaam aleikum ndugu zangu, hamjambo?

Alhamisi baada ya Isha tunaendelea na kalenda. Nairuzi, mwaka mpya wetu Waswahili, na miongo yetu ya siku kumikumi tumeimaliza. Sasa ni zamu ya Kerala, jimbo la kusini-magharibi mwa India, wenzetu wa ng'ambo ya bahari hii hii. Miaka yao wanaihesabu tangu 825, kwa hiyo Agosti 2024 waliingia mwaka wa 1200. Mwezi wa kwanza ni Chingam, na Onam, sikukuu yao kubwa, huangukia siku ya nyota ya Thiruvonam, yaani siku mwezi unapokuwa kwenye nyota hiyo. Hata siku ya kuzaliwa wengi hufuata nyota, ndiyo maana jirani yako Mmalayali (mtu wa Kerala) hapa Muscat "anazaliwa" tarehe tofauti kila mwaka.

Mimi walionivutia zaidi ni wakulima. Wanaugawa mwaka vipande 27, wanaviita njattuvela, kila kimoja siku 13 au 14. Kile cha Thiruvathira, kuanzia mwishoni mwa Juni, mvua na jua hupokezana, na ndipo miche ya pilipili manga inapopandwa. Mvua hiyo inaletwa na upepo gani? Kusi, huu huu wetu!

Mwenye kalenda yao ya ukutani aje nayo. Tutazame kisanduku cha siku moja tu: tarehe ya Kizungu kwa maandishi makubwa, pembeni ya Kimalayalam, mara nyingi na ya Hijria, nyota ya siku, na rahukalam, muda ambao wengi hawaanzi jambo.

Kahawa na halua juu yangu. Mchelewaji atakuta sinia tupu.