Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mtoto akipaliwa shuleni, nani anajua cha kufanya?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali kwenye shule ya msingi ya serikali, huu mwaka wa 11 niko kazini, na naomba unisome mpaka mwisho manake hili jambo limenikaa kifuani toka mwaka juzi.

Ilikuwa mapumziko ya saa nne, watoto wanakunywa uji, mmoja wa miaka mitano alikuwa anamung'unya ubuyu huku anakimbizana na mwenzie, punje ikaingia njia ya hewa. Hakulia. Ndo kitu sitakaa nisahau, hakulia wala hakukohoa, kashika shingo tu macho yamemtoka na midomo inaanza kubadilika rangi. Walimu tulikuwa wanne pale. Mmoja kaleta maji, mwingine anampiga kisogoni, mwingine ashatoka mbio kutafuta bodaboda, na mimi nimeingiza kidole mdomoni napapasa tu, baadae nikaja kujua hapo ningeweza kuisukuma ile punje ndani zaidi. Aliyemuokoa ni mama anayetupikia uji. Alimuinamisha, kifua kakiegemeza kwenye mkono wake, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega kwa nguvu, pigo la nne punje ikaruka nje. Na yeye alifundishwa na nesi mmoja mjini, enzi za usichana wake alipokuwa mfanyakazi wa ndani kwa huyo nesi. Yaani mtoto wa watu amepona kwa sababu hiyo tu.

Mheshimiwa, ubongo ukikosa hewa dakika kama nne hivi unaanza kuharibika, na zahanati yetu kwa boda ni dakika ishirini njia ikiwa kavu, kwa hiyo msaada wa huyo mtoto uko palepale aliposimama au haupo kabisa. Na wala sio kitu kigumu. Anayeweza kukohoa unamwacha akohoe. Asiyeweza, mapigo matano katikati ya mabega, ikigoma unasimama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, unavuta kwa ndani kuelekea juu mara tano, unarudia. Kichanga chini ya mwaka habanwi tumbo, anabonyezwa kifua. Akizimia unamlaza chini unaanza kumbonyeza kifua huku mwenzio anatafuta msaada. Mambo ya kubana tumbo daktari Henry Heimlich wa Marekani aliyaeleza toka 1974, sasa hivi ni zaidi ya miaka 50, na sisi bado tunakimbilia maji na tonge la ugali kama vile kila anayesakamwa kanasa mwiba wa samaki, wakati huyu hana hewa na ukimpa kitu unazidi kuziba.

Chuoni nilifundishwa maandalio, zana, saikolojia ya mtoto, hili hapana. Sanduku la huduma ya kwanza tunalo ofisini kwa mwalimu mkuu, lina pamba, bandeji na GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. Hata watengeneza peni wamewaza hili kuliko sisi, kifuniko cha peni ya Bic kimetobolewa juu ili mtoto akipaliwa nacho hewa ipite!

Ninachoomba ni mkae na TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, manake shule ziko kwao, hili liingie vyuo vya ualimu kama zoezi la mikono na sisi tuliopo kazini tufundishwe kila mwaka, Msalaba Mwekundu wapo, Zimamoto wapo, manesi wa zahanati wapo, tusiitwe semina ya kuangalia picha ukutani tukasaini posho tukaondoka. Wapishi wawemo tafadhali, wawe wa kwanza kabisa, serikali inahimiza watoto wale shuleni na wakati wa kula aliye karibu ni mpishi. Na wathibiti ubora wakija kukagua azimio la kazi wamuulize na mwalimu mmoja, nionyeshe, mtoto kapaliwa hapa, unafanyaje?

Yule mama wa uji amehamia kwa mwanae mkoa mwingine toka Juni. Kabla hajaondoka nilimuomba anifundishe, tukafanyia mazoezi jikoni kwa mto wa kulalia. Kwa sasa pale shuleni anayejua ni mimi peke yangu, na barua yangu ya uhamisho ishapita kwa mkurugenzi.