Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Alama za vidole na midomo zisichukue nafasi ya kipimo cha sukari

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia nikiwa muuguzi wa kliniki ya kisukari. Wagonjwa wameanza kutuuliza kama ni kweli michoro ya ncha za vidole na mistari ya midomo huonyesha nani ana kisukari au atakipata.

Swali hilo si la ramli. Michoro ya vidole huanza kujengeka takribani wiki ya 10 ya mimba, na ikishakamilika haibadiliki maisha yote, hivyo lililompata mtoto tumboni katika majuma hayo huenda likabaki limeandikwa kwenye ngozi yake. Watafiti waliochunguza watu waliozaliwa Uholanzi karibu na njaa ya 1944 na 1945, pamoja na ndugu zao, walichapisha mwaka 2009 kwamba tofauti ya idadi ya mistari kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho ilihusiana na kisukari cha ukubwani. Kwa upande wa midomo, mgawanyo wa aina za mistari unaotumiwa sana ni ule wa watafiti Suzuki na Tsuchihashi wa Japani, wa mwaka 1970, nao ulikusudiwa kutambua watu, si maradhi.

Hata hivyo, kuhusiana si kupima. Tafiti nyingi za jambo hili zimefanywa kwa watu wachache, nyingi zikitoka India, na majibu yake hayapatani kuhusu mchoro upi umezidi kwa wagonjwa, iwe mizunguko, vitanzi au matao. Michoro hiyo pia hutofautiana kati ya jamii na jamii, kwa hiyo majibu ya huko hayawezi kuhamishiwa Singida au Mtwara bila kuchunguzwa upya. Tena alama isiyobadilika haiwezi kumwambia mgonjwa kama sukari yake ya leo imepanda au imeshuka.

Ipo alama ya ngozi tunayoijua vizuri zaidi, nayo tunaipuuza. Mama mmoja alimleta binti yake kwa sababu nyingine kabisa; shingo ya mtoto ilikuwa nyeusi, nene, yenye mikunjo laini kama kitambaa cha mahameli, na kando yake palikuwa na michubuko mibichi. Mama alikuwa akiisugua kwa dodoki kila jioni akidhani ni uchafu. Weusi wa namna hiyo shingoni na kwapani mara nyingi huashiria kwamba mwili umeanza kukaidi insulini, kichocheo kinachoshusha sukari ya damu, na mhudumu yeyote wa zahanati anaweza kufundishwa kuutambua kwa macho.

Naomba, Mheshimiwa, kifaa chochote kinachodai kugundua kisukari kwa alama za vidole au midomo kisiruhusiwe kuuzwa kabla Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba haijaona ushahidi wa hapa nchini, uliolinganishwa na kipimo cha damu. Naomba pia alama za vidole tulizotoa kwa ajili ya vitambulisho na laini za simu zisitumiwe kukisia maradhi ya mtu bila ridhaa yake. Zaidi ya yote, naomba vijiti vya kupimia sukari visikosekane katika zahanati, kwa sababu anayekuta vimekwisha hurudi nyumbani bila jibu, na wengine hatuwaoni tena mpaka kidonda cha mguu kiwalete.

Wako katika kazi,
Muuguzi, kliniki ya kisukari