Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mabaka Kwenye Grini

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mhazini. Mimi nitasema jambo moja, mabaka ya ukoka mgeni kwenye grini, zile sehemu za nyasi fupi zenye mashimo katika uwanja wetu wa gofu, kwa kuwa ndilo lililoninyima usingizi mwaka mzima.

Ukoka wa grini zetu ni Tifdwarf, aina iliyotolewa Tifton, Georgia, Marekani, mwaka 1965. Ni chotara wa ukoka wa kawaida, huu uliojaa kando ya barabara kuanzia Iringa hadi Mafinga, na ukoka mwembamba wa Afrika Kusini. Hauzai mbegu, hupandwa kwa vipande vya mashina. Kipande kimoja cha aina nyingine kikichanganyika guniani, kinakuja kuonekana kimeshatambaa.

Julai, baridi ilipokaza, nilipiga magoti grini ya nne umande haujakauka. Grini yote ilikuwa imeingia rangi ya zambarau, isipokuwa duara moja la ukubwa wa sinia: kijani kibichi, majani mapana, vifundo vya shina vimeachana. Nilipopitisha kiganja palinikwaruza. Ndipo mpira unapopotea njia.

Lilikuja pendekezo la kupuliza dawa. Nililikataa, na leo nalikataa tena. Dawa ya kuua ukoka ule itaua na huu wetu, maana ni ndugu wa damu. Vijana wa grini wamekata baka moja moja kwa kifaa kile cha kutobolea shimo, chenye upana wa milimita 108, wakivuka ukingo wa baka kwa shibiri nzima, kwani shina hutangulia chini kwa chini. Pengo likazibwa kwa ukoka wa kitalu.

Na kitalu chenyewe tulikikuta na mabaka! Tulikiacha miaka bila kukikagua. Hilo ni kosa la kamati ninayoiongoza, nawaomba radhi. Tumekipalilia na sasa hukaguliwa kila Jumatatu.

Grini ya saba imeshindikana kwa viraka. Tutaivua yote mvua zikianza, ukoka upate joto na maji ya kushikia. Mtavumilia grini ya muda.

Mashine ya kukatia sasa inaoshwa kila inapotoka grini moja kwenda nyingine.

Ombi langu la kupigiwa kura leo: vijana wanne waliopiga magoti kwenye baridi ile miezi mitatu waongezewe posho, na wanunuliwe mabuti kabla ya kazi ya grini ya saba.