Refa kafungiwa, sawa. Kadi yenyewe je?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie kadi nyekundu na makosa ya waamuzi.

Tumezoea kusoma kwenye taarifa za Bodi ya Ligi kwamba mwamuzi fulani ameondolewa kwenye ratiba kwa mizunguko kadhaa kwa kushindwa kutafsiri vyema sheria za mpira wa miguu. Sheria ipi? Dakika ya ngapi? Alitoa kadi isiyostahili, au aliimeza iliyostahili? Mara nyingi hatuambiwi. Pengo hilo tunalijaza wenyewe vijiweni, na pale Kariakoo, kwa mashabiki wa Simba na Yanga, humpati mtu wa kuamini kwamba refa alikosea tu. Lazima alitumwa.

Chukua hadithi ya beki wa mwisho. Uwanjani kwa Mkapa au Chamazi, mshambuliaji akiangushwa na beki aliyebaki peke yake, jukwaa zima linadai nyekundu, na watangazaji wetu (wanisamehe) wanatia chumvi. Sheria ya 12, ile ya faulo na kadi, haina habari na beki wa mwisho. Ili ajue kama nafasi ya wazi ya goli imezuiwa, inamtaka refa atazame umbali hadi golini, mchezo ulikuwa unaelekea wapi, kama mshambuliaji angeumiliki mpira, na mabeki wengine walikuwa wangapi na wamesimama wapi. Tena tangu 2016, beki aliyefanya faulo ndani ya boksi lake huku akiugombea mpira kweli, timu yake inapigiwa penalti na yeye anapewa njano badala ya nyekundu. Ni shabiki gani ameelezwa hayo baada ya mechi iliyomuudhi? Refa anayapima yote kwa kufumba na kufumbua, halafu akipatia anatukanwa vilevile kama aliyekosea.

Waingereza nao wanakosea sana. Januari 25, 2025, Michael Oliver alimlima Myles Lewis-Skelly wa Arsenal nyekundu dhidi ya Wolves, VAR (waamuzi wa video) ikakubaliana naye, na siku chache baadaye rufaa ikaifuta adhabu. Miezi minne kabla, Bruno Fernandes wa Manchester United alitolewa dhidi ya Tottenham, timu yake ikalala 3-0, na kadi ikafutwa pia. Pointi za United hazikurudi, ila mchezaji hakukaa nje kwa kosa la refa. Mashabiki wa Arsenal hapa mjini, ambao ni wengi kuliko timu yao inavyostahili, hawajasahau 2014 pale Andre Marriner alipomtoa Kieran Gibbs kwa mpira ulioshikwa na Alex Oxlade-Chamberlain.

Ninachowaonea wivu ni maelezo. Bosi wa waamuzi wao, Howard Webb, amekuwa akikaa kwenye runinga, sauti za refa na chumba cha VAR zikisikika, anasema hapa tulipatia, hapa tulichemka.

Najua nitaambiwa tungoje VAR. Aprili 5, 2024 kule Pretoria VAR ilikuwepo. Shuti la Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba likadunda chini, goli likakataliwa, Yanga wakatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti, na mpaka leo ukilitaja kwenye daladala unaweza kupitishwa kituo chako. Mashine ilitazama, sisi hatukuambiwa iliona nini.

Kuna jambo lingine linalonikera zaidi. Refa akifungiwa kwa sababu ya kadi nyekundu isiyo halali, aliyepewa kadi hiyo anatumikia adhabu au hatumikii? Kanuni za nidhamu za FIFA zinasema uamuzi wa refa uwanjani ni wa mwisho, lakini kosa likiwa la wazi, kama kumtoa mtu asiyehusika, adhabu inayofuata inaweza kupitiwa upya. Basi taarifa inayomtaja refa imtaje na mchezaji, maana ndiye anayekosa mechi.

Naiomba Kamati ya Waamuzi ya TFF, shirikisho letu la soka, ianze na mzunguko ujao. Kila kadi nyekundu yenye utata itolewe video fupi: tukio, kipengele cha sheria, na kauli ya mkufunzi wa waamuzi kama ilikuwa halali au la. Picha Azam TV wanazo tayari.

Mpenzi wa soka,
Temeke, Dar es Salaam