Kwa Hamisi, mhazini wa kampeni

Mpendwa Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Umeuliza kama Kenya ina sheria inayoweka kikomo cha pesa za kampeni, kwa kuwa umekubali kumshikia hazina mwaniaji wa wadi yenu mwaka 2027. Sheria ipo, lakini hadi uchaguzi wa 2022 kikomo hakikuwahi kufanya kazi.

Kifungu cha 88 cha Katiba kinaipa IEBC, yaani tume ya uchaguzi, jukumu la kudhibiti matumizi ya wagombea na vyama. Bunge lilipitisha sheria ya ufadhili wa kampeni mwaka 2013, kisha likaisimamisha hadi uchaguzi wa 2017 upite. Agosti 2021 tume ikatangaza vikomo, cha mgombea urais kikiwa shilingi bilioni 4.4. Wabunge wakazitupa kanuni zenye vikomo hivyo, wakisema zimechelewa, maana sheria yataka zitoke angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi. Inaniuma kwamba waliopewa kalamu ya kuvipitisha vikomo ndio hao hao ambao vikomo vingewabana.

Wewe usingoje kanuni. Fungua akaunti ya benki ya kampeni peke yake, yenye watia saini wasiopungua wawili, na mwaniaji asiwe mmoja wao. Michango ya simu ipitie Paybill, yaani nambari ya kupokelea malipo ya M-Pesa, iliyounganishwa na akaunti hiyo. Ukipokelea kwenye M-Pesa ya laini yako, kwanza haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na pili pesa za kampeni zitachanganyika na za unga wa nyumbani, usiweze kuzitenganisha tena.

Sheria ile inasema mchangiaji mmoja asizidi asilimia 20 ya michango yote. Hapa wahazini wengi hujikwaa: siku ya kwanza, anayetoa 300,000 ndiye asilimia mia. Kwa hiyo piga hesabu kwa bajeti. Kama mnatarajia milioni 2, usipokee zaidi ya 400,000 kwa mtu mmoja. Na michango ikionekana itaishia milioni moja na nusu hata baada ya kurudisha ziada, mrudishie yule wa 400,000 laki moja mapema. Pesa isiyo na jina usiitumie hata kidogo. Lori la kuazimwa, hema, vipaza sauti na fulana za bure navyo ni michango. Viandike kwa bei ambayo mngelipa kuvikodi au kuvinunua.

Harambee ni jambo la kuangalia kwa makini zaidi. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Uchaguzi kinamwondoa katika kinyang'anyiro anayeshiriki harambee ya umma ndani ya miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, kwa hiyo hesabu tangu 10 Desemba 2026. Harambee ya kuichangia kampeni yenyewe inaruhusiwa. Ya paa la msikiti, ya kanisa au ya karo, hapana, hata akimtuma mtu amtolee.

Lakini pesa nyingi huvujia mfukoni mwa mwaniaji mwenyewe. Asubuhi anatoka na 50,000 taslimu, jioni anarudi mikono mitupu na hakuna stakabadhi hata moja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mpe kiasi cha siku, atie saini, na anayefuatana naye aandike kila inapotoka: mafuta, chakula cha wahamasishaji, ukumbi. Akimpa mpiga kura "kitu kidogo", hiyo ni hongo chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na kesi inaweza kumnyang'anya kiti hata baada ya kuapishwa.

Pesa za mawakala, wanaomwakilisha mwaniaji vituoni siku ya kura, zitenge kabla ya mabango. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo wadi yenye 14,000 ina vituo 20 au zaidi. Hesabu wakala mmoja kila kituo na wawili watatu wa akiba, nauli, chakula cha mchana na cha usiku, maana kuhesabu kura hukesha. Wakilala njaa huondoka kabla ya Fomu 36A, ile ya matokeo ya kituo, kutiwa saini, na hapo mwaniaji hana nakala ya kulinganisha na matokeo ya wadi.

Nitumie idadi ya vituo vyenu nikupigie hesabu hiyo, na uniambie benki gani iko karibu nanyi.

Wako,
Rafiki yako