YAH: Wateja wangu wanalipa halafu mfumo wenu unafuta miadi yao

Habari zenu huduma kwa wateja,

Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Nina kliniki ndogo ya mazoezi ya viungo, nilijiunga na mfumo wenu kwa sababu mliahidi mteja akichagua saa na kulipa mtandaoni basi ile nafasi ni yake. Kinachotokea sasa hela inakatwa, miadi inabaki "Haijalipwa", zikipita dakika 15 mfumo unaifuta wenyewe, ile saa inarudi kwenye kalenda, anakuja mtu mwingine anaichukua na yeye analipa.

Juzi kafika mama mmoja anaumwa mgongo, hata kukaa ni shida, na kijana mwingine kafika saa ile ile. Wote wamelipa. Mama kanionyesha meseji ya benki, kiasi, muda, jina la kliniki, kila kitu kipo, mimi nikiangalia kwenye skrini yangu jina lake halipo kabisa. Ilibidi asimame ameegemea ukuta wa mapokezi mpaka nimalize na mwenzie. Mtu kalipia nafuu anapewa mateso, jamani!

Na tatizo lilipo panajulikana, nimekaa na fundi tukapekua. Mfumo wenu unasubiri mteja arudi kwenye ukurasa wenu wa "Asante" ndo uandike kwamba kalipa. Sasa watu wengi wanalipa kwa simu, benki inatuma OTP (namba ya siri ya kutumia mara moja) au inamtaka athibitishe kwenye app yake, mtu anatoka kwenye brauza anaenda huko anathibitisha, hela inatoka, kwake imeisha hiyo, arudi kufanya nini? Ndo maana kampuni za malipo zinatuma taarifa moja kwa moja kwenye seva, ile webuhuki, ambayo inafika hata mteja akizima simu. Na kwenu inafika! Kwenye akaunti yangu ya malipo inaonekana imetumwa na seva yenu imejibu 200, yaani mmeipokea, halafu miadi haibadiliki.

Mwongozo wenu nao unasema tujaribu kwa ile kadi ya majaribio ya 4242, yaani namba ya kadi isiyo ya kweli, ambayo haiombi uthibitisho wowote wa benki, kwa hiyo kila jaribio linapita vizuri na tatizo halionekani mpaka hela ya mtu wa kweli imeshaenda. Kadi za majaribio zinazolazimisha uthibitisho zipo, kwa nini hamziweki humo?

Kustomakea wenu kaniambia nifute keshi, yale mabaki ya kurasa yanayotunzwa kwenye brauza. Keshi ya nani, wakati tatizo liko kwenye seva yenu? Mwingine kasema mteja "alipe tena", na mwingine, hili ndo limenitisha kuliko yote, kataka mteja atume kwa imeli picha ya kadi mbele na nyuma ili "wafuatilie muamala". Zile namba tatu za nyuma sheria za PCI DSS, zile za usalama wa kadi za benki, zinakataza kabisa kuzihifadhi baada ya muamala kuidhinishwa, hata kwa kuzificha kwa siri, nyie mnataka zikae kwenye imeli. Namba ya muamala ninayo na niliwapa, ilitosha.

Ninachotaka: miadi ithibitishwe kwa taarifa ya kampuni ya malipo, na nafasi isiachiwe kabla mfumo haujauliza kama hela imeingia. Wote waliolipa miadi ikafutwa nimeshawarudishia hela yao, ila makato ya ile miamala hayakurudi, hayo mnalipa nyie. Na huyo anayeomba picha za kadi aambiwe aache leo, na zilizokwishatumwa zifutwe.

Kwa sasa malipo ya mtandaoni nimeyazima, na ada ya mfumo sitalipa mpaka hili liishe. Anijibu mtu anayeujua mfumo, kwa maandishi, sio lile jibu la kukopi la keshi.

Mteja wenu,
Mwenye kliniki